Mgongo wa Nakatuli

Zamani, Nandimba ilipokuwa bado haina barabara, sanamu za marehemu wetu zilikuwa na upande mmoja tu. Mchongaji alichonga uso, kifua, mikono na magoti. Nyuma aliliacha gogo kama lilivyotoka msituni, na magome yake. Hakuna aliyeona kosa. Sanamu ziliegemezwa ukutani ndani ya baraza la wazee, na mtu haulizi habari za upande uliogeukia ukuta.

Wakati huo aliishi mwanamke aliyeitwa Nakatuli. Nandimba, kama mjuavyo, iko juu ya mlima, na maji yako bondeni kwenye chemchemi ya Mkunjo. Mtoto akiugua wakati mama yake yuko shambani, Nakatuli hakumwacha peke yake. Alimfunga mgongoni, akajitwika mtungi begani, akashuka naye na kupanda naye, awe wa ukoo wake au wa jirani. Hata alipozeeka, akiketi mlangoni kuchambua mboga, watoto walimparamia mgongoni kama vile mbuzi wanavyoparamia kichuguu.

Alipofariki, mwanawe Chilumba aliamua kumchonga mwenyewe. Desturi ilikuwa kwamba wazee wakiikubali sanamu ya mama, matanga huondolewa na mwana hupewa kiti barazani. Wakiikataa, hubaki akikaa chini pamoja na vijana mpaka mwisho wa maisha yake. Chilumba alikitamani sana kiti hicho. Akatafuta gogo la mninga kubwa kuliko yote yaliyopata kuchongwa, ili pasiwe na wa kumpita. Lakini sanamu ilipokamilika ilikuwa ndefu kuliko paa la baraza. Haikuingia. Ikabidi isimamishwe uwanjani, mahali pasipo ukuta.

Wazee waliketi mbele yake. Mzee Liyanga, mkuu wa baraza, aliutazama uso kwa muda, akasema, "Ni yeye. Amebakiza kusema tu." Kiti kikaagizwa kiletwe.

Hapo watoto, waliokuwa wameambiwa watulie, wakashindwa kutulia. Wakaizunguka sanamu, wakaishika.

"Ana pua ya mjomba Chilumba!"

"Mjinga wewe. Mjomba ndiye mwenye pua ya bibi."

"Gonga tumbo. Umesikia? Bibi ameshiba."

Wazee wakacheka, na Chilumba akacheka kuwapita wote. Kisha watoto wakaenda nyuma, kama walivyozoea kwenda kwake. Kelele zikakatika.

"Huku hayupo," ilisikika sauti ya binti mdogo, Nantale.

"Huku ni mti tu," akasema mwingine. "Una magome. Yananikwaruza."

"Tokeni huko!" akafoka Mzee Liyanga. "Nyuma hakuna kitu!"

"Ndiyo, babu, hakuna kitu," Nantale akajibu. "Sasa tupande wapi?"

Hapakuwa na mzee pale ambaye mwanawe hakuwahi kubebwa na Nakatuli. Wazee wakatazama miguu yao. Chilumba, ambaye alibebwa kabla ya wengine wote, alijaribu kuukumbuka mgongo wa mama yake, akakuta haukumbuki. Uso aliukumbuka vizuri, kwa maana ndio aliokuwa akiuomba chakula.

Mzee Liyanga akakohoa. "Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "tutajenga ukuta nyuma yake. Yatakwisha. Kiti kimekwisha kuja, kaa."

"Ukuta wa nini, mzee wangu? Wameshaona."

Chilumba akachukua tezo yake, akaenda nyuma, akapiga magoti ili alingane na watoto. "Nionyesheni," alisema. "Mimi nimesahau."

Wakamwonyesha kwa viganja vyao. Bega la kushoto lilishuka, kwa sababu ya mtungi. Katikati palikuwa na bonde, na mtoto mwembamba aliweza kulala humo. Chini ya shingo palikuwa na kovu.

"Hilo hulioni kwa macho, mjomba," Nantale alimweleza. "Unalisikia kwa shavu."

Chilumba alichonga huku wakimsahihisha, na jasho na machozi vilimtoka pamoja. Wazee hawakuweza kuondoka, wala hawakuweza kutazama. Kazi ilipokwisha, Nantale alipanda, akalaza shavu lake chini ya shingo, akafumba macho. Chilumba alikipita kiti kilichomngoja, akaenda kukaa chini pamoja na vijana, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Tangu siku ile mchongaji wa Nandimba huanza na mgongo, na uso huja mwisho. Sanamu zetu husimama uwanjani, mbali na ukuta wowote. Na ikisimamishwa mpya, watoto ndio hutangulia kuizunguka, kuishika na kuisema watakavyo, huku wazee wamesimama kando, kofia mkononi na vichwa vimeinama. Wageni hudhani tunasali. Hatusali. Tunangoja kuambiwa tulichosahau.