Miraa Haina Muhuri

Wahenga walipotuambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, walisahau kututajia ni tumbo la nani. Maana ya methali hii ni kuwa anayeahirisha jambo lenye wakati wake huishia kuumia. Hilo kila mwanafunzi analijua. Lakini dunia, mwalimu asiyekwenda likizo, huongeza somo lake: anayekwambia ungoje mara nyingi huwa ameshiba.

Kendi alikuwa mkaguzi wa mbegu katika kituo kimoja cha serikali cha viazi, pande za Kibirichia. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa mtoto, akawa mtu wa kuchechemea. Wenzake walimtania kwamba viazi humwinamia akipita, naye akawajibu kwamba viazi vina adabu kuwashinda. Kwa miaka mingi aliipanda na kuishuka miinuko ile, baridi ikiuma kama siafu, na hakuna shamba lenye ugonjwa wa mnyauko lililowahi kumponyoka. Nafasi ya msimamizi ilipotangazwa, hata wasiompenda walianza kumwita bosi, kwa tahadhari.

Nafasi akapewa Kailemia, ambaye Kendi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutofautisha kiazi kigonjwa na kiazi chenye matope. Kendi alipouliza sababu, mkuu wa kituo, Bwana Kiambi, alimjibu mbele ya watu, akitabasamu kama mtu anayegawa peremende.

"Usimamizi ni kazi ya kupanda milima, Kendi. Mimi nakuhurumia tu huo mguu."

Watu wakatazama chini. Kendi naye akautazama mguu wake, ule ule uliopanda milima hiyo Bwana Kiambi akiwa ameketi kwenye gari.

Sheria ilikuwa upande wake. Mtumishi wa serikali aliyebaguliwa alikuwa na miezi mitatu ya kukata rufaa, na rufaa ikikubaliwa, nafasi ingetangazwa upya. Igoki, rafiki yake wa tangu chuoni, aliishi mtaa wa Majimbo mjini Embu, si mbali na ofisi ya rufaa. Alimhimiza ailete upesi, hata kama imeandikwa kwa mwandiko wa kuku. Kendi akaiandika, wenzake wawili waliosikia maneno yale wakakubali kuwa mashahidi, akaifunga ndani ya bahasha.

Bahasha ilikuwa mezani Mzee Mithika alipobisha hodi. Huyu alikuwa mjomba wake, aliyemlea na kumsomesha baada ya babake kufariki. Alisikiliza kisa chote, akatikisa kichwa. Alisema Kiambi ni jirani, wanasali kanisa moja, na mkewe ni binti wa ukoo wao. Mtu hashtaki jirani ugenini kabla ya kuketi naye nyumbani.

"Kwanza tumpelekee ncoolo, mwanangu. Akiikataa, nenda hata Nairobi."

Ncoolo ni fungu la miraa teule, lililofungwa kwa majani ya mgomba, ambalo Wameru hulipeleka wanapoomba jambo zito. Likishapokelewa, shauri liko mikononi mwa wazee. Anayelipeleka kwingine kabla ya jibu kutoka ni kama amewatemea mate usoni. Bwana Kiambi, Mmeru kama wao, alilipokea kwa mikono miwili na kushukuru sana.

Kisha kalenda ikaanza kuota miguu. Kikao cha kwanza Bwana Kiambi alikuwa na semina. Cha pili kulikuwa na matanga. Cha tatu alifika, wakaomba, wakanywa chai, ikagunduliwa kwamba mzee mmoja hayupo na bila yeye neno halisemwi. Baadaye ukaja msimu wa kuvuna viazi, na nani ataketi kikaoni viazi vikioza? Kila mara wazee walirudi na salamu njema na harufu ya mandazi.

Igoki alipiga simu tena. "Kendi, hiyo miraa yenu husimamisha saa?"

"Kwetu husimamisha."

"Basi mleteeni karani wa huku fungu lake, naye asimamishe ya ofisi."

Kendi alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa muda mrefu. Jioni hiyo alimwomba mjomba ruhusa ya kwenda Embu. Mzee akauliza, kwa sauti ya chini, yeye ataketi wapi tena kikaoni binti yake akimvunjia neno. Kendi akairudisha bahasha chini ya Biblia. Aliamini, kama alivyolelewa kuamini, kwamba shauri lililo mbele ya wazee haliwezi kuwa linafia kwingine.

Tumbo likaanza kumsokota. Hali chakula, halali. Hatimaye alishindwa, akaondoka bila kuaga.

Karani wa Embu, mama mpole aitwaye Wanjira, aliisoma tarehe ya uamuzi iliyoandikwa juu ya bahasha, akaisoma ya siku hiyo, akairudisha bahasha juu ya kaunta.

"Muda wako uliisha wiki jana, dada."

Kendi alimweleza habari za wazee na ncoolo. Wanjira alimsikiliza hadi mwisho, macho yakimlegea kwa huruma.

"Nakuelewa. Lakini miraa haina muhuri. Hapa hatuioni."

"Basi niambieni tu kama nilionewa."

"Hilo hatuwezi kulijua. Hatujaifungua."

Aliporudi nyumbani alimkuta Mzee Mithika akimngoja mlangoni, uso uking'aa kama sufuria mpya. Bwana Kiambi alikuwa amekuja asubuhi hiyo mwenyewe, bila kuitwa. Alikuwa amekiri mbele ya wazee kwamba alimkosea Kendi kwa sababu ya mguu, akatoa kondoo mnono wa kuomba radhi.

"Amekiri, mwanangu. Kwa kinywa chake."

"Amekiri leo, Mjomba?"

"Leo."

Kendi aliiweka bahasha mezani, ikiwa imefungwa vile vile, akamwambia muda wa rufaa uliisha wiki jana. Mzee aliitazama, akamtazama Kendi, akaitazama tena. Nuru ikamtoka usoni polepole. Nje, kondoo alilia. Mzee alivuta kiti, akaketi.

Jumatatu Kendi alipanda mlima kama kawaida, nyuma ya Kailemia, ambaye alisimama kila mara kumuuliza kama kile ni mnyauko au ni matope. Alimjibu. Wazee walikuwa wamemla kondoo na kushiba, Bwana Kiambi alikuwa amesamehewa, na yeye peke yake alitembea akijishika tumbo. Ama kweli, ngoja ngoja huumiza matumbo.