Mtoto Aliyelia Moto

Sogeeni karibu, niwape habari za Wakesho na zimwi la Mlima Kisaghe.

Zamani zimwi hilo lilichoma kijiji cha mlimani, likawafukuza watu wote. Walihamia bondeni, wakazaa, wakapata wajukuu na vitukuu. Lakini wanawake wa ukoo ule walilala wameketi, tayari kukimbia, na hakuna aliyesema kwa nini. Hata binti mdogo wa Wakesho, ambaye hakuwahi kuukanyaga mlima, alianza kushtuka usingizini akilia, "Moto, mama!"

Wakesho, aliyekuwa ameokota habari za mlima vipande vipande katika minong'ono ya wazee, akapanda huko kulitafuta zimwi. Akalikuta zimwi limezeeka, limekonda.

"Nipe kumbukumbu zenu nizile," likasema, "mwanao apate kulala."

"Utakula nini?"

"Ule moto."

"Na nini tena?"

"Njia mliyokimbilia."

"Na nini tena?"

"Jina la mlima, na bibi yenu aliyewavusha watoto mtoni."

Wakesho akauliza, "Nani basi atajua kwamba tuliishi hapa?"

Zimwi likacheka. "Hakuna. Ndipo mlima utakuwa wangu kweli."

"Basi kaa na njaa yako," akasema Wakesho, akashuka. Zimwi halikuwa na nguvu za kumfuata.

Nyumbani alimpakata binti yake, akamsimulia yote, jambo ambalo yeye hakufanyiwa na mamake.

"Kwa hiyo walifika?" mtoto akauliza.

"Walifika, mwanangu. Ndio sisi."

Usiku ule mtoto alishtuka tena, lakini hakulia. Aliuliza tu, "Yule bibi aliitwa nani?"

"Mkawasi," akajibu Wakesho, na wote wawili wakajilaza.