Wimbo wa Vitufe

Kujua vitufe si kujua njia.

Jana mlimsikia Mama Gaudensia akimtupia maneno hayo yule kijana wa kampuni, pale alipoinua cheti chake juu kama padre anayeinua hostia. Watu wazima wote wakayaitikia. Ninyi mkacheka, mkadhani ni kejeli ya bibi kizee asiyependa kompyuta. Leo mmekuja kuuliza, na mmefanya vyema, maana msemo huu haukuachwa na wahenga. Aliyeusema mara ya kwanza anajulikana kwa jina, na walioulipia tuliwazika wenyewe. Ulizaliwa hapahapa Lukolongo, nao ulizaliwa hivi.

Enzi mgodi wa makaa ulipokuwa na watu mia tatu shimoni, palikuwa na desturi moja. Kila baada ya miezi mitatu kazi ilisimama nusu siku, na kila zamu ikatembezwa kwa miguu njia ya dharura, kuanzia kwenye ukuta wa makaa hadi kwenye ngazi ya chuma inayotokea nyuma ya kilima. Siku za kawaida hakuna aliyepita huko. Watu walishuka na kupanda kwa kiberenge, kwenye njia kuu, sambamba na mkanda unaobeba makaa. Njia ya dharura ilikuwa nyembamba na yenye maji ya magotini. Wazee walitangulia wakiupapasa ukuta na kuwaambia wageni: hapa inama, hapa kata kushoto, kulia ni kaburi.

Akaja meneja mpya. Alipoitazama ile nusu siku hakuona watu wanaojifunza kuishi, aliona makaa yaliyolala. Akafuta matembezi. Badala yake akaleta kompyuta mbili, akaziweka kwenye chumba kilichokuwa stoo ya saruji, na ndani ya kompyuta hizo mlikuwa na gemu.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kijana mmoja mwenye kofia ya njano. King'ora kinalia, moshi unatanda, naye lazima atoke shimoni akiwa hai. Afungue kabati, avae barakoa, apite vichochoro, apande ngazi, alione jua. “Ni mgodi wetu wenyewe huo, umechorwa hatua kwa hatua,” alisema mkufunzi wa usalama, Bwana Ruhinda. Wachimbaji wakambatiza yule kijana Bwana Kofia. Kila mtu alipewa nafasi tatu za kumtoa. Ukishindwa zote, unaondolewa shimoni na kupelekwa juani kuchambua mawe, na kila mtu alijua kuwa waliochambua mawe mwezi wa kwanza hawakuonekana kwenye orodha ya mwezi wa tatu.

Otmari Hyera alikuwa na miaka kumi na moja shimoni, na miaka tisa akiwa mwalimu wa kwaya ya parokia. Alikuwa na sikio kama mtego, kilichoingia hakikutoka. Siku alipoketi mbele ya kompyuta mara ya kwanza, vidole vyake vilivyozoea sururu vilikuwa vinaangukia vitufe viwiliviwili. Herufi zilishafutika kwenye kibodi. Ili Bwana Kofia apande ngazi ilikuwa lazima ushike vitufe viwili kwa mkono mmoja huku mwingine unapigapiga kile kirefu cha chini, na ukikosa pigo moja anaporomoka hadi chini. Hilo si kitu. Balaa ni kwamba ukibonyeza mshale wa kulia, Bwana Kofia alikwenda kushoto. Ukibonyeza kushoto, alikwenda kulia, na huko kulia kulikuwa na shimo.

“Mkufunzi,” Otmari alisema, “hiki cha kulia kinampeleka kushoto.”

“Najua,” alijibu Bwana Ruhinda bila kuinua macho kwenye karatasi zake. “Wote mmesema. Aliyeitengeneza yuko mbali, tumemwandikia. Wewe jifunze kama ilivyo, ufaulu, uende kazini.”

Najua. Lishikeni neno hilo, mtalihitaji baadaye.

Aliyeteseka kuliko wote alikuwa shemeji yake Otmari, Optatus Ndunguru, mume wa dada yake Gaudensia. Mtu mkubwa huyo, besi ya kwaya, mikono kama makasia. Alikuwa ameshamzamisha Bwana Kofia mara mbili, na wenzake walikuwa nyuma yake wakicheka.

“Shemeji,” Optatus alinung'unika, “hivi huyu mtu mbona anatembea kama wewe ukitoka kunywa ulanzi?”

“Mimi nikitoka kwenye ulanzi nafika nyumbani,” Otmari alimjibu. “Wewe umeua watu wawili leo.”

Chumba kizima kikaangua kicheko. Lakini walipotoka nje Optatus hakucheka. “Imebaki nafasi moja. Nikishindwa kesho kutwa, watoto wa dada yako watakula nini, mawe?”

Usiku huo Otmari, aliyekuwa ameshafaulu na kuzikariri hatua zote, hakufikiria vitufe, alifikiria wanakwaya. Kwa miaka tisa aliwafundisha watu wasiojua noti nyimbo za sauti nne. Hakuwaonyesha karatasi, aliwatia wimbo kinywani na mapigo mikononi, basi. Mtu anaweza kukosea anachokitazama. Anachokiimba hakosei. Kesho yake akawakusanya nyuma ya kanisa, akawaketisha kwenye benchi refu, akalifanya benchi kuwa kibodi. Wimbo ulikuwa mfupi:

*Mbele tatu, inama,*
*kulia, kulia tena,*
*shika mbili, piga refu,*
*panda, baba, panda.*

Vidole vikagonga benchi pamoja, tenori na besi. Optatus alikosea, akarudia, akakosea. “Unatazama,” Otmari alimwambia. “Ukimtazama Bwana Kofia utachanganyikiwa, maana unamwona anakwenda kinyume. Usitazame. Fumba macho, imba.”

Optatus akafumba macho, akaimba, akafaulu. Alitoka kwenye ile stoo na cheti kilichopigwa nailoni, akamwinua Otmari juujuu kama debe la mahindi. Wiki ile walifaulu watu hamsini na watatu. Wengi wao hawakupata kuona hata mara moja Bwana Kofia amepita upande gani. Bwana Ruhinda aliandika taarifa kwamba wafanyakazi wa Lukolongo wanaijua njia ya dharura kwa asilimia mia, na meneja akaituma huko anakotuma taarifa zake.

Ikaja Jumanne ya wiki ya pili ya Kwaresima, saa nne asubuhi. Watu saba walikuwa Mlango wa Nne, kichochoro kipya kilichofunguliwa baada ya matembezi kufutwa, na hakuna hata mkongwe aliyewahi kutoka huko kwa miguu. Ule mkanda wa makaa, ambao mafundi walishaulalamikia, ulisugua chuma hadi ukashika moto. Njia kuu ikajaa moshi mweusi, mzito, unaonuka mpira. Taa za kofia zilimulika pua tu.

Otmari alikimbilia kabati la dharura. Kwenye gemu kabati lile lilikuwa na barakoa kumi zinazong'aa. La shimoni lilikuwa na kiota cha panya. Wakavua mashati, wakayalowesha, wakajifunga puani. Kila mtu akashika mshipi wa aliye mbele yake. Optatus alitangulia kwa kuwa ndiye mwenye kifua, na Otmari, aliyechelewa kabatini, akawa wa mwisho.

Optatus akaanza kuimba. Hakuna aliyemwagiza, ila wote waliitikia ndani ya mashati yao, maana hapakuwa na kitu kingine cha kushika. *Mbele tatu.* Wakapita kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. *Inama.* Na kweli dari ikashuka, wakainama. Wimbo ulikuwa unatimia neno kwa neno. Ndiyo maana waliuamini. Hakuna kinachoua kama jambo lililo kweli hadi nusu ya njia.

Walifika njia panda. Otmari alihisi mstari mzima ukivutika kwenda kulia.

Wakati ule tu, ndani ya giza, akamwona Bwana Kofia. Alimwona kama alivyomtazama kwenye kompyuta kabla hajautunga wimbo, akibonyeza kulia na kofia ya njano ikipotelea kushoto. Akararua shati usoni.

“Kushoto! Optatus, kushoto!”

“Wimbo unasema kulia!” sauti ilirudi kutoka mbele.

“Wimbo unasema kitufe! Njia ni kushoto!”

“Mwalimu,” Optatus alijibu kwa kikohozi, na hakumwita shemeji, “ulisema tusitazame, tuimbe!”

Otmari akauvuta mshipi wa Kosmas Mapunda aliyekuwa mbele yake, naye Kosmas akamvuta aliye mbele yake. Mshipi wa tatu ukachomoka. Mstari ukakatika. Watatu wakaangukia kushoto, wanne wakaendelea kulia, wakiimba. Otmari aliita hadi sauti ikakauka. Alitaka kuwafuata, Kosmas akamkamata kiuno na kumkokota.

Mwalimu wa kwaya hahitaji kuona ili kuhesabu sauti. Walipokuwa wakiipapasa njia kwa mkono wa kushoto, nyuma yao alisikia nne. Kisha tatu. Walipoigusa ngazi ya chuma ilibaki besi peke yake. Alipokanyaga kipandio cha sita hapakuwa na kitu.

Wale wanne walitolewa siku ya tatu. Walikuwa wamelala kwa mstari, kila mmoja ameshika mshipi wa mwenzake, mwisho wa kichochoro kisicho na mlango. Wa mbele mkono wake ulikuwa juu ya jiwe, vidole viwili vimekandamizwa, kama mtu anayetafuta ngazi.

Gaudensia hakulia mazikoni. Alimshika kaka yake mkono, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: “Kaka, ulimfundisha vizuri mno.” Tangu siku hiyo Otmari hakusimama tena mbele ya kwaya.

Serikali ilileta mkaguzi. Kikao kilifanyika kwenye bwalo la chakula, wajane wamekaa benchi la mbele. Meneja alipanga vyeti vinne mezani.

“Marehemu wote walifaulu kwa alama mia,” alisema. “Kampuni ilitimiza wajibu wake. Hili ni kosa la binadamu.”

Otmari alisimama. “Mheshimiwa mkaguzi, naomba kompyuta iletwe hapa, na Meneja amtoe Bwana Kofia shimoni.”

Watu wakaguna. Mkaguzi alifikiri kidogo, akakubali. Meneja akaketi mbele ya kibodi. Akabonyeza kulia, Bwana Kofia akaenda kushoto. Meneja akatabasamu. Akabonyeza kushoto, Bwana Kofia akatumbukia. Mara ya pili akatumbukia. Mara ya tatu alifika kwenye ngazi akaporomoka, na safari hii Meneja hakuwa anatabasamu tena.

“Nipishe,” Otmari alisema. Akaketi, akafumba macho mbele ya wajane wale, akaanza kuimba taratibu. Vidole vikakimbia. Alipomaliza, kompyuta ilipiga tarumbeta na kuandika Hongera.

“Kumbe inawezekana,” mkaguzi alisema. “Basi marehemu waliijua njia.”

“Mheshimiwa, umeniona nimefumba macho. Ungeniuliza sasa hivi huyu mtu amepita wapi, nisingekuwa na jibu. Hicho ndicho walichofundishwa, na mimi ndiye niliyewafundisha, na hilo nitakufa nalo.” Akageuka. “Lakini Mkufunzi, sema ulichonijibu siku nilipokuambia kulia ni kushoto.”

Bwana Ruhinda aliangalia viatu vyake. “Sikumbuki.”

“Mimi nakumbuka. Ulisema unajua.” Otmari akavikusanya vile vyeti vinne, akampelekea mkaguzi mkononi. “Andika, mheshimiwa. Hawa walijua vitufe. Kujua vitufe si kujua njia.”

Mkaguzi aliandika. Taarifa ilipotoka ilisema kosa la binadamu, bila kumtaja binadamu. Meneja alihamishiwa mgodi mkubwa zaidi. Msitarajie hadithi hii iwape haki mwishoni, hatukuipata. Tulichokipata tulikipata kwa makalio yetu: watu mia tatu waliketi mdomoni mwa shimo siku tisa, hakuna kiberenge kilichoshuka, hadi matembezi ya miguu yakarudishwa kwa maandishi. Na siku ya matembezi ya kwanza wajane ndio waliotangulia, mkono wa kushoto ukutani. Kwenye njia panda Gaudensia alisimama, akatazama kulia muda mrefu, akalirudia neno la kaka yake. Wote waliokuwa nyuma yake wakaliitikia, na tangu hapo ni mali ya watu wote.

Sasa rudini kwenye jambo la jana. Yule kijana amesema nini? Amesema wameleta miwani mipya, haina vitufe, unaivaa tu na unauona mgodi kama upo ndani yake. Akasema, kwa hiyo matembezi ya kila miezi mitatu hayahitajiki tena. Kisha akawapa karatasi mweke sahihi, maana Jumatatu mnashuka.

Wekeni au msiweke, mikono ni yenu. Lakini kabla hamjaishika kalamu, mwambieni atangulie mbele yenu kwa miguu, bila miwani, hadi kwenye ngazi ya chuma. Akikataa, mtakuwa mmeelewa kwa nini Mama Gaudensia hakuwa anatania.

Kujua vitufe si kujua njia.