Kiboko na Mila ya Ngomeni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na ngome kuukuu waliyoachiwa na wahenga wao. Kila ukoo ulibeba mawe yake kuijenga, kwa hiyo ilikuwa mali ya wote. Aliyeitunza ni Bi Pimbi, mdogo wa mwili lakini mwepesi wa akili.

Uchaguzi ukawadia. Kiboko, aliyegombea uongozi, akaja na wapambe wake. Tii! Tii! Tii! Ukuta ukatikisika, vumbi likamwagika. Moyo wa Bi Pimbi ukamlipuka paa! Ukuta ule wenye nyufa ungestahimili vipi mkutano wa kampeni, ngoma na kurukaruka?

"Bi Pimbi, leo nahutubia hapa," Kiboko akanguruma. "Wananchi wakiniona mbele ya ukuta huu, watajua wahenga wako upande wangu."

"Mheshimiwa, ngome ni ya wote. Na ukuta ni mbovu, utatuangukia!"

"Aka! Nani kakuuliza?"

Bi Pimbi akaona kubishana na domo lile ni kujichosha bure. Akatabasamu.

"Basi karibu, Mheshimiwa. Ila mila unaijua? Ahadi ikitolewa mbele ya wahenga, hutimizwa papo hapo. Mwenye kuahidi hatoki mpaka amalize."

Mila yenyewe, wanangu, ndiyo kwanza imezaliwa mdomoni mwake!

Kiboko akacheka. Fisi, mpiga debe wake, akawapaazia sauti wanyama waliokwisha kusanyika:

"Mheshimiwa atawachimbia visima!"

"Hewaa!" Bi Pimbi akamsogezea Kiboko jembe. "Chimba, Mheshimiwa. Wahenga si wako upande wako? Wanakusubiri."

"Chimba! Chimba!" umati ukaitikia.

"Halafu barabara!" Kobe akadakia.

Kiboko akalitazama jembe. Akalitazama jua. Ngozi ikaanza kumwasha.

"Ah... kumbe hapa pana vumbi," akakohoa, koho! koho! "Kifua changu hakipatani na vumbi. Twendeni uwanja wa soko, jamani!"

"Na visima, Mheshimiwa?" Fisi akauliza.

"Nyamaza wewe, twende!"

Wakaondoka mbio, na umati nyuma yao ukizomea. Bi Pimbi akauegemea ukuta wake, akashusha pumzi, phuu! Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, akacheka peke yake. Ngome ilikuwa imesimama, halikudondoka hata jiwe moja.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na funzo lake ni hili: urithi wa wote usigeuzwe jukwaa la mmoja.