Kasuku Aliyeitikia kwa Niaba ya Watu

Paukwa.
Pakawa.
Paukwa shoka.
Pakawa mpini.
Paukwa mti.
Pakawa kivuli.

Haya, mmeitika vizuri. Hata nyinyi mliokaa kule nyuma nimewasikia, ingawa sura zenu sizioni. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Mimi nimetembea nchi saba, na sita kati ya hizo nilifika kwa kupotea njia. Hadithi hii niliipata katika ile moja niliyofika kwa makusudi, kwa hiyo iaminini zaidi kidogo.

Hapo zamani, zamani za miti kuwa mingi na watu kuwa wachache, palikuwa na kijiji bondeni, na mto ulikuwa unakila. Masika ya kwanza mto ulimeza mabanda ya mbuzi. Masika ya pili ukameza majiko. Masika ya tatu ukaingia vyumbani, ukamkuta Jumbe, mkuu wa kijiji, kitandani. Jumbe alipoona kubadhi zake za kuvaa miguuni zinaelea zinatoka mlangoni bila yeye, akasema, "Tunahamia kilimani."

Lakini kilima kizima kilikuwa msitu. Akaitwa Semkiwa, mkata miti asiye na mfano, asafishe uwanja kabla ya masika ya nne.

Semkiwa hakufanya kazi peke yake. Mkewe, Mwantumu, alitangulia na panga, akifyeka vichaka na kupima kwa hatua mti utalala mpaka wapi. Shemeji yake, Ngereza, kaka wa Mwantumu, alipanda juu kufunga kamba, akashuka, akaenda mbali kuivuta ili mti uelekee unakotakiwa. Semkiwa alishika shoka. Alikata pengo kama mdomo upande wa kulalia, akazunguka nyuma, akakata, akakata, akakata, mpaka mti ukabaki umeshikwa na kipande cha upana wa kiganja.

Hapo Semkiwa husimama. Marehemu baba yake alimwachia shoka pamoja na neno moja: "Mwanangu, pigo la mwisho si la mkono. Ni la sikio." Kabla ya pigo la mwisho mkataji aite mara tatu, na kila aliye msituni aitike kwa kinywa chake.

Semkiwa huita, "Mti unalala. Mko wapi?"

"Mwantumu nipo kando, salama."

"Ngereza nipo kando, salama."

Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Ndipo pigo. Ndipo mti: kwaaa, puu.

Tatizo lilikuwa Ngereza. Kila mti aliopanda alikuta mzinga wa nyuki, na kila mzinga aliuona ni wake, hata akachelewa kuitika.

"Shemeji, umekufa?"

"Sijafa, shemeji. Nameza."

"Meza upesi, mawingu yanakuja."

"Ole wake dada yangu. Ameolewa na mwanamume anayekimbizwa na mawingu."

Na Mwantumu kule kichakani husema, "Mwache mume wangu. Ndiye niliyempata."

Siku moja wakafika penye kisiki cha mvule. Mvule wenyewe ulikufa zamani, juu ukavunjika, chini kikabaki kisiki kirefu kuliko mtu, kinene kama kibanda, kina uvungu ndani na upenyo wa kuingilia. Juu ya uvungu huo aliishi Kasuku na makinda wawili. Kasuku akashuka mbele ya shoka.

"Semkiwa, mkata miti, kisiki changu usikiguse. Wanangu hawajaota mbawa."

"Jumbe anataka uwanja."

"Semkiwa, mkata miti, nipe siku kumi tu."

"Masika hayanipi hata tano."

"Semkiwa, mkata miti, basi nikufanyie kazi."

"Ndege atanifanyia kazi gani?"

Kasuku akakohoa kidogo. Akasema, "Ngereza nipo kando, salama," na sauti ilikuwa ya Ngereza, na asali yake mdomoni. Kisha akasema, "Mwantumu nipo kando, salama."

Semkiwa akageuka nyuma kumtazama mkewe. Nyuma hapakuwa na mtu. Kwanza alishtuka. Kisha, na hapa ndipo alipokosea, akafurahi.

"Utakaa begani kwangu," akamwambia Kasuku. "Nikiita, utaitikia wote, upesi upesi. Nami naapa kwa shoka la baba yangu, kisiki chako shoka hili halitakigusa mpaka wanao waruke."

Jioni akawaeleza wenzake. Ngereza akashukuru mno. "Sasa nitakula kwa nafasi," akasema.

Mwantumu hakushukuru. "Mume wangu, huyo ndege anajua nilipo?"

"Anaijua sauti yako."

"Nimeuliza kama anajua nilipo."

Semkiwa akacheka. Nawaambieni, mimi pia nimewahi kuulizwa swali la namna hiyo na mke wangu, nami nilicheka. Tuendelee.

Mti wa kwanza ulikuwa mtondoo. "Mti unalala. Mko wapi?" Kasuku akaitika mara tatu, haraka kama anayebanja njugu kwa meno. Pigo. Kwaaa, puu.

Mti wa pili ulikuwa mkongo. "Mti unalala. Mko wapi?" Kasuku akaitika mara tatu. Pigo. Kwaaa, puu. Kazi ya siku mbili ikaisha kwa siku moja, na Jumbe akatuma ndizi za pongezi.

Mti wa tatu ulikuwa msufi, mrefu hata tai akienda kileleni hupumzika njiani. Mwantumu akapima kwa hatua kama desturi yake. Akapima mara ya kwanza, akasimama. Akapima mara ya pili, akakuna kichwa. Akapima mara ya tatu, akaona hakukosea. Matawi ya juu yangefika kwenye kisiki cha Kasuku. Mumewe aliapa kwamba shoka halitakigusa. Kuhusu msufi hakuapa kitu.

Akasema moyoni, "Nitawatoa wale makinda mara moja, nirudi." Zamani angepaza sauti kwamba anaingia. Lakini tangu aje Kasuku, hakuna aliyekuwa anamuuliza aliko. Akapenya ndani ya uvungu na panga lake mkononi, akanyoosha mkono juu kulitafuta tundu.

Semkiwa akafika kwenye upana wa kiganja.

"Mti unalala. Mko wapi?"

"Mwantumu nipo kando, salama. Ngereza nipo kando, salama."

Akaita mara ya pili, akaitikiwa. Akaita mara ya tatu, akaitikiwa. Akapiga.

Mara, kutoka kule mbele, ikaja sauti ya Mwantumu. "Semkiwa, ngoja."

Semkiwa akatazama begani. Mdomo wa Kasuku ulikuwa umefungwa.

Jamani, mti hauambiwi ngoja.

Kwaaa.

Puu.

Matunda ya msufi yakapasuka yote kwa pamoja. Sufi ikajaa hewani nyeupe, ikashuka polepole, kimya, juu ya majani, juu ya shoka, juu ya mtu aliyesimama na shoka. Ngereza akaja mbio, asali kidevuni. "Dada yuko wapi?" Semkiwa akanyoosha kidole kwenye matawi.

Kisha akaita, "Mwantumu, uko wapi?"

"Mwantumu nipo kando, salama."

Akaruka kwa furaha, akaikimbilia sauti. Alikuwa Kasuku, juu ya tawi, hofu inamtoa kinywani yaleyale aliyoyazoea.

Akaita tena, "Mwantumu, uko wapi?"

"Mwantumu nipo kando, salama."

Akafumbua kinywa kuita mara ya tatu. Ngereza akamkamata mkono. "Shemeji, nyamaza. Unamwita ndege."

Semkiwa akakaa chini. Miti yote ile ameiangusha, na sasa jina la mkewe hawezi kuliita, maana kila akiliita atajibiwa, na jibu halina mtu. Ndipo Kasuku akalia kwa sauti yake mwenyewe, sauti mbaya, ya kukwaruza, ambayo hawakuwa wameisikia tangu aanze kazi: "Na wanangu wamo humo." Akauficha mdomo wake chini ya ubawa.

Ngereza akachukua shoka, akaligeuza, akapiga shina la msufi kwa kisogo chake, upande usio na makali. Ko, ko, ko. Wakasikiliza. Kimya. Akapiga mara ya pili. Kimya. Akapiga mara ya tatu.

Kutoka chini, mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani usiku: ko. Ko. Ko.

Ulikuwa mgongo wa panga juu ya mvule mkavu.

Tangu adhuhuri mpaka alasiri walikata, na hakuna aliyetazama mawingu. Kila tawi, kabla ya kuliachia, Semkiwa alikwenda kwanza kumshika Ngereza bega, akahakikisha ni bega.

Mwantumu akatoka uvunguni amefunikwa na sufi tangu kichwani hadi miguuni, mweupe kama aliyevishwa sanda. Ngereza, kaka mtu, alirudi nyuma hatua tatu. Mkono mmoja wa Mwantumu ulining'inia. Mwingine ulishika pindo la kanga, na ndani ya kanga walikuwamo makinda wawili, wazima, wana hasira.

Hakulia. Hakumsalimu mtu. Akamtazama mumewe.

"Nani aliniitikia?"

Semkiwa akatazama chini.

"Nimeuliza, nani aliniitikia?"

Kasuku akatazama pembeni.

"Semkiwa, mume wangu. Nani aliniitikia?"

"Mimi," akasema Semkiwa. "Ndege alitoa sauti tu. Aliyeitika ni mimi."

Masika ya nne yakawakuta uwanja haujaisha. Kijiji kizima kilinyeshewa kilimani chini ya majani ya migomba, na Jumbe alizivaa kubadhi zake shingoni, zimefungwa kamba. Lakini hakuna aliyezama.

Na mpaka leo, watu wa kilima kile hawaitiki kwa mbali. Mti ukibaki upana wa kiganja, kila mtu huja, huweka mkono wake juu ya mpini wa shoka, na mkataji huuhesabu kwa macho. Mkono wa kwanza kuwekwa ulikuwa wa Mwantumu. Haukunyooka tena ule mkono. Semkiwa aliutazama mkono huo kwenye kila mti, miaka yake yote iliyobaki.

Funzo lake: sauti si mtu. Ukimuuliza mwenzio yuko wapi, jibu lisubiri kwake yeye, hata kama amechelewa, hata kama anameza.

Hadithi imelala pale ilipoangukia. Mkiona ni boriti, jengeeni. Mkiona ni kuni, pikieni. Mkiona imeoza, iacheni, mchwa nao wana watoto.

Sasa nyinyi wa kule nyuma, mlioniitikia pakawa. Sogeeni kwenye mwanga mmoja mmoja niwaone. Mara ya mwisho nilisimulia usiku kucha nikiitikiwa vizuri sana, na kulipokucha nikakuta watu walikwishakwenda kulala, nimebaki mimi na mbuzi.