Nguo za Kutokea Baharini

Ndugu zangu, kisa hiki nimekipokea asubuhi ya leo na sikuweza kukaa nacho peke yangu. Kisomeni chote, hakichukui hata muda wa kuchemsha maharage. Ukimaliza, mpelekee yule rafiki yako anayeanza kila jambo kwa kishindo. Unamjua.

Kwenye pwani ya kaskazini kabisa ya Uskoti kuna mji mdogo ambao bahari yake haina huruma. Hata wakati wa kiangazi chao maji ni ya baridi, na ikifika Januari mtu wa kwetu akichovya kidole tu, anakumbuka madeni yake yote kwa Mungu. Na bado wapo watu wanaovaa nguo za mpira, wanabeba ubao, wanaingia humo kwa hiari yao na kuteleza juu ya mawimbi huku wakicheka. Mola ameumba watu wa kila aina.

Katika mji huo aliishi Bi Mwanashehe, mama wa Kilamu aliyemfuata mume huko miaka thelathini iliyopita. Alikuwa na chuo kidogo cha kufundisha mchezo huo wa mawimbi. Mwaka huo mgongo ulianza kumsumbua, akatangaza kwamba anatafuta msaidizi wa majira ya baridi. Msaidizi mmoja tu.

Waliojitokeza walikuwa wawili.

Wa kwanza aliitwa Kahindi, kijana wa Watamu. Huyo bahari ilimlea. Akisimama juu ya ubao ungedhani amesimama sebuleni kwao. Alikuja kiangazi kufanya kazi hotelini, hoteli ikafungwa msimu ulipokwisha, na sasa asipoipata kazi ya Bi Mwanashehe ingembidi aende mji wa bara kupanga maboksi ghalani, mbali na wimbi lolote. Aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote. Aliitaka kiasi kwamba alikwisha kumpigia mama yake simu na kumwambia ameipata.

Wa pili aliitwa Eselina, binti wa Makete, kule milimani ambako asubuhi za Julai umande huganda juu ya majani ya viazi. Eselina aliiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha samaki, na kwa miaka miwili alikuwa akijifunza kwa Bi Mwanashehe kila Jumapili. Bado alikuwa anaanguka.

Kahindi aliposikia mshindani wake ni nani, alicheka hadi akashika mbavu.

"Mtu wa milimani? Tushindane baharini? Hata mimi naona haya kumshinda."

Bi Mwanashehe hakubishana naye. Aliwaita wote wawili akawaambia, "Jumamosi, saa nne asubuhi. Kila mtu aje na vyake. Mtapanda mawimbi matatu, mtatoka, na mimi nitakuwa nimejua."

Jumamosi ikafika na upepo wake. Mvua iliyochanganyika na barafu ilikuwa ikipiga kwa ubavu, na maji yalikuwa nyuzi sita. Kwa wasiojua, hayo ni maji ya ndani ya friji.

Kahindi alifika mbio mbio, hajala kitu. Alivua suruali yake ya jinzi, shati lake zuri la vifungo na viatu vyake vya kamba ndefu, akavikunja vyote pamoja na kuviweka juu ya jiwe, kando ya chupa yake ya chai. Kisha akaanza kupigana na nguo ya mpira. Mguu ulikataa kupita. Mkono ulikwama. Ungemwona ungesema anamvisha mbuzi suruali. Alipomaliza alikuwa anahema kama aliyetoka majini tayari.

Eselina alikuja taratibu, tumboni ana bakuli zima la uji. Nguo ya mpira alikuwa ameivaa nyumbani hadi kiunoni, juu yake koti kubwa. Alitandika mkeka mdogo ili nyayo zisiguse ardhi yenye baridi. Akajipaka mafuta mazito shingoni, mahali mpira unapochubua. Akavuta sehemu ya juu ya nguo, akavaa viatu vya mpira, kofia ya mpira inayofunika masikio, na glavu akaziacha za mwisho kwa sababu bado alikuwa na kazi ya vidole.

Alifungua beseni lenye mfuniko na kupanga nguo zake kavu humo ndani. Chini kabisa aliweka viatu visivyo na kamba. Juu yavyo soksi, akiwa amezikunja nusu ili mguu uingie mara moja. Kisha suruali yenye mpira kiunoni, sweta lisilo na kifungo hata kimoja, fulana pana, na juu ya yote kofia ya sufu. Pembeni akaweka kidumu cha maji ya vuguvugu alichokizungushia kitenge. Mwishoni akachukua chupa ya chai, akaifunga sawasawa, halafu akakilegeza kifuniko kidogo.

Kahindi alikuwa amesimama anamtazama.

"Dada, umekuja kuteleza au umekuja kuuza mitumba?"

"Ngoja tutoke, kaka," Eselina akajibu. "Bei itapanda."

"Lakini kweli, yote haya ya nini? Maji yenyewe ni dakika ishirini."

"Kwetu hutoki kwenda shambani asubuhi ya baridi kabla hujafunika makaa kwenye majivu. Ukirudi, vidole vimekufa. Haviwezi hata kuwasha kiberiti."

Kahindi akatikisa kichwa, akachukua ubao wake.

Sasa, tuseme ukweli. Majini Kahindi alikuwa raha kumtazama. Wimbi la kwanza alilipanda akalikata kulia na kushoto. La pili alipita nalo hadi karibu na mchanga. La tatu watu waliokuwa wakitembeza mbwa ufukweni walisimama, wakapiga makofi. Sifa nazo zina joto lake, hivyo Kahindi akaongeza la nne, na la tano.

Eselina wimbi la kwanza lilimwangusha. La pili likamwangusha vizuri zaidi. La tatu alilipanda kwa magoti, mdomo wazi, akafika nalo mchangani akiwa hivyo hivyo. Alikuwa amemaliza yake na angeweza kwenda kujikausha. Lakini alipoona Kahindi amerudi ndani, naye alibaki kwenye maji ya kiunoni, macho yakiwa kwa mwenzake, mpaka wakatoka pamoja.

Bi Mwanashehe alikuwa amekaa mlangoni mwa gari lake, shuka begani.

"Hongereni," akasema. "Sasa vaeni. Halafu nataka kikombe cha chai kutoka kwenye chupa zenu. Nimekaa sana kwenye upepo huu, nina kiu."

Kahindi akatabasamu. Kumbe kilichobaki ni chai tu. Akavua glavu, na hapo ndipo mambo yalipomgeukia.

Vidole vilikuwa vyeupe na havikumsikiliza. Alivituma kwenye zipu, havikushika. Baada ya kuhangaika sana akajitoa kwenye nguo ya mpira, akakimbilia jiweni kwake, akakuta mvua imemtangulia. Jinzi ilikuwa nzito kwa maji. Shati lilikuwa na vifungo saba na hakuna hata kimoja kilichokubali kuingia tunduni mwake. Akaacha shati wazi, akaenda kwenye chupa ya chai. Aliibana kwa magoti. Akaizungusha kwa viganja. Akaking'ata kifuniko. Mama yake alikuwa amemlea vizuri, kila kitu hukifunga kwa nguvu.

"Uko salama, mwanangu?" Bi Mwanashehe akauliza.

"Ni-ni-niko sa-salama," Kahindi akasema, na meno yakaendelea kusema baada yake.

Eselina upande wake alijimiminia maji kidogo juu ya glavu na viatu, vikatoka vyenyewe. Akajifunika koti, akavua kofia ya mpira, akashusha nguo ya mpira hadi kiunoni, akavaa kofia ya sufu, fulana, sweta. Kisha sehemu ya chini, kwa utaratibu ule ule. Kila alipoingiza mkono ndani ya beseni, kilichokuwa juu ndicho alichokihitaji. Vidole vyake navyo vilikuwa vimekufa, lakini hakuwa amevipa kazi yoyote ngumu. Kifuniko cha chupa alikisukuma kwa kiganja, kikatoka. Akamimina chai, ikafuka moshi.

Bi Mwanashehe akanyoosha mkono.

Eselina akautazama mkono ule. Akamtazama Kahindi, midomo imegeuka rangi, amekumbatia chupa isiyofunguka. Akapita mbele ya mkono wa mwajiri bila kusimama.

"Samahani mama, wewe subiri kidogo," akasema.

Akamvua Kahindi shati la maji, akamzungushia lile koti kubwa na kitenge, akamkalisha juu ya mkeka. Akamshikia kikombe mdomoni kwa sababu mwenyewe asingeweza kukishika. Maji ya vuguvugu yaliyobaki kwenye kidumu akayamimina polepole juu ya vidole vyake.

Kahindi alipopata sauti, akamnong'oneza, "Umeharibu, dada. Chai ilikuwa yake. Ungekuwa umeshashinda."

"Najua. Kunywa."

Akanywa kikombe cha kwanza na cha pili. Chai ikaisha. Bi Mwanashehe hakupata hata tone. Alishuka garini, akaja kusimama mbele yao.

"Kahindi mwanangu," akasema, "leo uamuzi nakuachia wewe."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Wanaokuja kwangu Januari si mabingwa. Ni watu wa kawaida, wengine wana umri wa mamako. Sasa jaalia mamako mwenyewe amekuja leo, anataka kuingia kwenye maji yale. Utamkabidhi kwa nani? Kwako wewe, au kwa huyu?"

Kahindi akakumbuka simu aliyompigia mama yake. Akakumbuka ghala na maboksi yake. Alijua wazi kwamba akisema "kwangu" hakuna wa kumsuta, kwani watu walimpigia makofi yeye. Iliuma, na tusijifanye haikuuma.

"Kwa Eselina," akasema.

"Kwa nini?"

"Mimi ningemwonyesha mawimbi. Huyu angemrudisha nyumbani."

Macho ya Bi Mwanashehe yakalainika.

"Basi kazi ni ya Eselina. Kuteleza nitamfundisha mimi, hilo lina vitabu na lina miaka. Na wewe, kwa jibu hilo, darasa langu la Jumamosi ni bure kwako hadi msimu uishe. Mwalimu wako ndiye huyo aliyekushikia kikombe."

Eselina aliziba uso kwa viganja, akalia kidogo kwa furaha, halafu akaanza kukusanya vitu vyake.

Jumatatu Kahindi alikwenda ghalani kupanga maboksi. Jumamosi alirudi kwa basi, saa tatu za njia, akiwa amekula. Akamsalimu mwalimu wake kwa adabu zote, akauliza wanaanza na wimbi gani.

Eselina akamwekea beseni mbele.

"Leo hatufiki majini," akamwambia. "Leo ni soksi."

Funzo: Kabla hujaingia kwenye jambo gumu, andaa kwanza namna ya kutoka, maana mikono unayoingia nayo siyo utakayotoka nayo, na maandalizi yako hayajatimia mpaka yamfae na mwenzako.