Watani wa Jiwe la Chemchemi

Hadithi hii alinipa kwanza shangazi yangu Mwanatumu, nilipokuwa nikimnyonyesha mwanangu. Nami nawapa ninyi, watoto.

Zamani za kale, mimea na samaki walipokuwa wakisalimiana, palikuwa na jiwe ufukoni. Maji ya chemchemi yalidondoka juu yake, na bahari ilijaa na kupwa chini yake.

Juu ya jiwe aliishi Jani-Ini, mmea mdogo, bapa, uliojilaza kama kipande cha ini. Watoto wake aliwabeba mgongoni, katika vikombe vidogo. Chini, katika nyasi za bahari, aliishi Farasi-Bahari, samaki dume mdogo. Kwao baba ndiye anayebeba mimba, katika mfuko wa tumboni.

Hao walikuwa watani.

"Ewe ini la buchani," Farasi-Bahari alisema, "leo nzi hawajakuona?"

"Nyamaza, kichwa cha farasi, mkia wa tumbili. Nani alikushona?"

Kaa Koko, mwenye magando makubwa, alikuwa akiwasikia kila siku. Akadhani ni maadui.

Mimba ya Farasi-Bahari ilipotimia, Kaa akaja, kwaru, kwaru.

"Leo nakula wanao."

Farasi-Bahari hakuwa na mbio. Alijishikiza kwenye unyasi kwa mkia.

"Umechelewa, Mzee Kaa," Jani-Ini aliita kutoka juu. "Huyo mjinga ameshajifungua. Watoto kaniachia mimi, wamejaa vikombeni. Njoo uniondolee."

Farasi-Bahari akaielewa hila. "Msaliti wewe! Ini lililooza!"

Kaa akacheka, akapanda jiwe. Akachungulia kikombe.

"Mbona wa kijani?"

"Wachanga hao. Sogea uwaone vizuri."

Tone likadondoka kikombeni, pwa! Vitoto vya Jani-Ini vikaruka huku na huku, vikajibandika kwenye jiwe. Kaa akavikimbiza. Gando likagonga jiwe, ko, ko. Alipata kimoja tu, kichungu, akakitema.

Alipotazama chini, maji yalikuwa yamekupwa. Farasi-Bahari alikuwa amejifungua, na watoto wake wote wamekwenda na maji.

"Lakini mlikuwa mkitukanana," Kaa alisema.

"Ni mtani wangu," alijibu Jani-Ini. "Nisipomtukana mimi, atukanwe na nani?"

Matusi ya watani si ugomvi. Anayeyategemea hulala na njaa.

Asubuhi iliyofuata, baada ya shangazi kunipa hadithi hii, nilimpelekea uji mtani wangu Somoe, aliyekuwa amejifungua siku mbili kabla, nikamwambia mwanawe ana masikio ya popo.